Irambona Analia Mikononi Mwangu

Jumanne, tarehe 6 Juni

Nimembeba binti yangu leo. Chai yangu haijapoa, tayari jirani amechungulia kuuliza nani anamchuna mtoto. Mama mkwe akamchukua. Kimya papo hapo.

Niandike wazi. Irambona ni mtoto wangu wa kwanza, hajatimiza mwezi. Mama mkwe, Bernardine, alikuja toka Bwegera na gunia la mchele, kumsaidia mke wangu Uwimana kwa siku chache. Siku chache hazionyeshi dalili ya kwisha. Amechukua nafasi yangu kitandani. Mimi nalala kwenye kiti cha sebuleni, miguu nje.

Leo kasema namshika mtoto kama mlango. Ni kweli nachomelea milango ya chuma, na mtaa mzima wa Kasenga unajua. Nikamjibu kwamba sijawahi kuangusha mlango hata mmoja. Akaendelea kuimba Kirundi masikioni mwa mwanangu.

Alhamisi, tarehe 8 Juni

Nimegundua siri. Ni harufu. Mama mkwe ananuka moshi na mawese, mimi nanuka chuma. Mtoto hana kosa.

Uwimana akiwa anaoga, na mama mkwe kaenda sokoni, nikachukua kitenge chake. Nikajifunga, nikajifunika na kichwa. Irambona akanusa, akapiga miayo, akalala begani mwangu. Pumzi yake shingoni. Ngumi yake imeshika ndevu zangu. Nilitembea naye chumbani polepole, nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa.

Ndipo wakaingia akina mama wa parokia, waliokuja kumwona mtoto. Nilikuwa nimewapa mgongo. Mmoja wao, Mama Bertrand, akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza mpunga wa Bwegera unaendeleaje. Nikageuka.

Walicheka mpaka mtoto akaamka akilia. Halafu wakasema mimi ndiye nimemwamsha. Jioni mteja kaja kuulizia dirisha lake, habari zimeshamfikia, akaniita bibi. Mteja ambaye hata ukubwa wa dirisha lake hajui.

Jumamosi, tarehe 10 Juni

Tatizo si harufu. Tatizo ni mwenye harufu.

Nimemwambia mama mkwe kwamba Kwizera, jirani yake wa shambani, amepiga simu. Ndege wameshukia mpunga. Wanakula bila aibu. Nilitikisa kichwa kwa huzuni kiasi cha kutosha, si zaidi. Kwizera hajapiga simu. Lakini ndege wapo Bwegera, hilo nani atalikataa?

Anaondoka Jumatatu. Nimemtafutia pikipiki mwenyewe.

Jumanne, tarehe 13 Juni

Siku mbaya. Uwimana kaamka akitetemeka, mwili moto. Malaria. Nikampeleka kituo cha afya, wakamlaza na kumtundikia chupa ya serum. Nikabaki na Irambona kwenye benchi, nje ya mlango.

Alilia. Nikaimba, akazidi. Kitenge nacho kiko Bwegera, kiunoni mwa mwenyewe. Muuguzi akaniuliza iko wapi mwanamuke mwenye kubeba mutoto. Nikamwambia hakuna mwanamke, mimi ndiye baba. Akaangalia shati langu lenye masizi, akaniambia nilivue. Mbele za watu! Akamlaza mtoto kifuani mwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa shuka.

Akanyamaza.

Sikusogea. Nzi alinitembelea puani nikamwachia. Mtoto nilimtoa tu alipohitaji kunyonya, muuguzi akampeleka kwa mama yake, akamrudisha. Kupitia mlango niliona serum ikidondoka, na Uwimana amefumba macho. Niliogopa kuliko ninavyoweza kuandika. Kama hali yake ingegeuka, mtu mmoja tu anayejua la kufanya nilikuwa nimempeleka mwenyewe kufukuza ndege ambao hawapo.

Jioni homa ikashuka. Uwimana akafungua macho, akatuona, akatabasamu. Irambona alikuwa amelala na sikio lake juu ya moyo wangu.

Jumatano, tarehe 14 Juni

Mama mkwe amerudi. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Akakuta binti yake amesharudi nyumbani, amelala, mchovu lakini salama. Akampapasa paji la uso, akanifuata nje.

“Mukwe, ndege iko wapi?”

Nikasema labda wameruka.

“Kwizera anasema hajakupigia. Hata namba yako hana.”

Nikasema mtandao ni mbaya siku hizi. Uwimana akaniita toka ndani, kwa sauti ndogo ambayo naiogopa kuliko kelele.

“Papa Irambona, mutoto hakukukataa. Unamubeba dakika mbili, akilia unamurudisha sawa na kitu kimeharibika. Jana ulikaa naye. Ni ile tu.”

Nikakubali. Nimeomba msamaha kwa wote wawili, na kwa Kwizera kwa simu. Mama mkwe akanipa Irambona. Mtoto akalia kidogo. Nikakaa naye. Akanyamaza.

Nimeelewa. Uongo na hila nimeacha. Naandika hapa iwe ushahidi.

Jumapili, tarehe 18 Juni

Ubatizo. Nimembeba mwenyewe toka nyumbani mpaka kanisani, shati jeupe, kifua mbele. Tangu Jumatano nambeba asubuhi na jioni. Mgongo unauma. Silalamiki.

Watoto wengine walilia maji yalipowagusa. Irambona hakulia. Alimtazama Padri Révérien, akatabasamu. Tabasamu lake la kwanza duniani. Kwa padri! Mtu aliyemshika kichwa tu, tena kwa kumlowesha.

Mama mkwe kasema ni neema. Uwimana kasema mtoto mchanga hutabasamia hata ukuta. Nikaitikia kwa mdomo tu.

Baada ya misa nimemuuliza katekista kama padri wetu hatarajii uhamisho. Hatarajii.

Basi kesho nitamfikishia padri habari kwamba Wakatoliki wachache wa Mulenge, kule milimani, wanamlilia usiku na mchana. Pikipiki nitamtafutia mwenyewe.