Nani Anamlisha Tadei Karanga?

Jumatatu, 3 Machi

Tadei amevimba tena! Vipele mdomo mzima, jicho moja limefumba. Na alikula uji wa mchele mtupu! Mdogo wangu ana miezi minane, na mwezi uliopita daktari alisema mwili wake unakataa karanga, hata chembe. Mama akatoa karanga zote nyumbani. Kwa hiyo kuna mtu anamlisha kwa siri. Nimeorodhesha washukiwa. Yuko mmoja: Bibi Stefania, aliyefika juzi kutoka Idete na kopo la karanga za kukaanga. Anasema amelea watoto tisa kwa karanga na hakuna aliyevimba, labda vichwa, walipopata kazi.

Mama amesimamisha uji kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimeiba kopo. Liko sandukuni kwangu, chini ya kitabu cha Baiolojia. Bibi amelitafuta hadi kwenye banda la kuku. Nilionja karanga tano ili kuhakiki ushahidi. Saba. Nikanawa mikono mara tatu, kwa sabuni.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nilitaka kumshauri Bibi aache karanga Kwaresima yote. Nilifika mlangoni kwake, nikaamkia shikamoo, sauti ikaishia hapo. Nikauandika ushauri na kuuchomeka kwenye kitabu chake cha sala. Msiba! Bibi hakuwa na miwani. Alimpa Mama amsomee kwa sauti, tena wakati wa chakula, watu wote tumekaa. Bibi akaniuliza, Domitila, mjukuu wangu, una mdomo au una kalamu tu? Nikaitikia kwa kichwa. Sijui nilikubali lipi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku tatu bila kopo, siku tatu bila vipele. Hiyo ni sayansi! Nimemwambia Mama uji unaweza kuendelea. Kwa mdomo kabisa! Nilijisikia kama daktari bingwa.

Ijumaa, 7 Machi

Vijiko vinne tu. Midomo ikavimba, kifua kikaanza kupiga filimbi. Bibi alimnyakua Tadei, akarukia bodaboda, mguu mmoja kandambili yangu, mwingine ya Mama. Mimi nilibaki nimeshika bakuli, hadi Mama aliponivuta tukawafuata.

Hospitali wamemchoma sindano. Amepumua. Asante Mungu.

Daktari akauliza unga wa uji ulisagwa wapi. Wote wakanigeukia.

Kwa Luqman, mashineni, Jumamosi iliyopita. Mbele yangu alikuwa Mama Leticia na ndoo ya lishe: mahindi, soya, karanga. Mama alikuwa ameniagiza nimwambie Luqman apitishe pumba kwanza, itoe mabaki ya mteja aliyetangulia. Lakini mashine ikiwaka lazima upaze sauti, na mimi sijawahi kupaza. Niliinua kidole. Luqman alidhani namsalimia. Akanipungia mkono, akamimina mchele wetu.

Bibi hakumlisha kitu. Nilimlisha mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Tadei amerudi! Amenivuta nywele kwa nguvu zake zote, nikamwacha avute. Bibi hakunigombeza. Amenunua kinu kipya na anatwanga mwenyewe mchele wa Tadei. Hata Mama haruhusiwi kukigusa. Aliniambia jambo moja tu: mtoto huyu hajaweza kujisemea, kwa hiyo mdomo wake ni mimi. Siku nyingine niufungue. Nililia sana. Nimeelewa kabisa.

Mchana nikaenda kumweleza Luqman. Hotuba nilikuwa nimeikariri njia nzima. Mashine ilikuwa inaunguruma. Nimemwachia barua chini ya mzani, kurasa nne, pamoja na mchoro wa mapafu.

Ikabaki kumwomba Bibi msamaha, kwa kumshuku na kwa kopo, ambalo sasa ni jepesi kidogo. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu. Msamaha uko kwenye kitabu cha sala. Safari hii nimeandika kwa herufi kubwa.