Kesi ya Nyuki Waliohama

Jumatatu, 6 Novemba 1978. Zombe.
Nimemshtaki jirani yangu Kisilu mahakamani Kitui. Nyuki wangu wamehamia kwenye mzinga wake, palepale mpakani. Wazee wa ukoo walikataa kunisikiliza. Wakasema alama ya ukoo huchomwa kwenye mzinga, haichomwi kwenye nyuki, aliyehama amehama. Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, nataka hukumu yenye muhuri.

Daktari wa Kitui anasema moyo wangu hautafika Krismasi. Mtu mwenye tarehe ya mahakama hafi ovyo. Naungama hapa tu: nyuki siwahitaji. Asali hunichoma koo.

Jumatano, 8 Novemba.
Kutafuta ushahidi. Nilikaa karibu na karai wanakokunywa maji, nikawapulizia unga wa chaki ili waonekane wakiingia kwa Kisilu. Wakapaa weupe, polepole, kama harusi ndogo inayoondoka. Nikasinzia. Nikaota darasa langu la kwanza likielea nje kupitia dirishani, wote kimya, wote na madaftari.

Binti yangu Muthoki akaniamsha. Nyuki weupe wameingia kanisani, ndani ya mimbari. Kwaya imekimbia. Nimemwongeza mchungaji. Mdaiwa wa pili.

Ijumaa, 10 Novemba.
Balaa. Kisilu ameleta mzinga mzima, umefungwa gunia, unavuma. Akasema, "Mwalimu, nyuki wako ndio hawa. Tuache safari za Kitui, tumezeeka."

Kesi ikiisha leo, kesho naamkia nini? Nikamwambia aurudishe, huko ni kuchezea ushahidi. Akanitazama sana. Akauliza daktari alisemaje hasa. Muthoki ana mdomo mpana. Nikamwonyesha njia. Akaubeba mzinga wake, akaenda.

Jumanne, 14 Novemba.
Samansi. Kisilu naye amenishtaki! Anadai nyuki wangu walikula maua ya migunga yake miaka yote hii, bila ruhusa. Muthoki anasema alikuwa akicheka alipoweka sahihi, akisema, "Huyu mzee tumpe kazi."

Adui katili. Nimekula ugali sahani mbili. Mchana kutwa nimelala nikitunga utetezi: maua ni ya nani upepo ukishayaangusha?

Alhamisi, 16 Novemba.
Kitui. Hakimu alisoma madai yote mawili, akafumba macho kidogo, akaahirisha hadi Machi. Mchungaji aliomba aondolewe. Nilipinga.

Kisilu alinishika mkono kushuka ngazi, akanifunga koti vifungo kama mtoto. Mbinu ya kunilainisha. Njiani vilima vilikuwa vya buluu, kama vimening'inizwa. Nilimwambia Machi nitamnyoosha. Akasema, "Sawa, Mwalimu, lakini usikose kufika." Vitisho vitupu. Nimeviandika.

Daktari alitaja Krismasi; hakimu ametaja Machi. Amri ya mahakama ni amri. Daktari akizidi kubisha, nitamshtaki pia.