Mulango wa Wenye Wako Tayari Ndani

Nakutegea kitendawili, weye mwenye umeketi hapo: nyumba yangu ina mulango mumoja, na mulango huo unamufungukia tu muntu mwenye yuko tayari ndani. Ni nini?

Usikimbilie kusema kaburi. Kila muntu anaanza na kaburi. Kitafune polepole kama ndagala yenye miba, wakati tunamufuata Aristote.

Aristote alikuwa muntu wa koti. Jua la Kalemie lilipige namna gani, koti halikumutoka, sababu ndani yake njo mulikuwa biro yake yote, ofisi nzima: kalamu ine zisizo na wino, miwani isiyosaidia macho, na harufu ya sabuni ya hoteli. Asubuhi moja alikuwa kwa kinyozi, pale mutaa wa Kataki, povu kwenye kidevu, redio ikasema kwa Kifaransa ya kwamba nchi moja tajiri ya ng'ambo imeongeza ulinzi wa muda kwa watu wenye kutoka nchi za vita. Hawatafukuzwa, wataweza kufanya kazi, na muda ukiisha, wakubwa watatazama tena. Kisha mutangazaji akaongeza kaneno kadogo: hiyo ni kwa wale tu walio tayari ndani ya nchi ile.

Kinyozi, mwenye Kifaransa chake kilikomea kwa salamu, akauliza, "Wanasema nini, Papa Aristote?"

Aristote akatazama kioo. Aliona mule uso wa muntu mwenye huruma nyingi sana.

"Wanasema wazungu wametukumbuka."

Kale kaneno kadogo akakameza pamoja na povu.

Haikupita wiki, alikuwa na meza nyuma ya soko, na cheo: Mutaalamu wa Ulinzi wa Muda. Hakuandika kitu kwa karatasi, sababu karatasi njo inapeleka watu gerezani. Yeye alikuwa anafundisha kwa mudomo, namna ya kueleza vita mbele ya wakubwa wa kule. Na wanafunzi hawakosekani Kalemie, tumebarikiwa kwa hilo: vita inapiga bara, watu wanateremuka ziwani na mizigo juu ya kichwa, inapiga kaskazini, wanashuka na boti. Franga za kulipa hawakuwa nazo. Aristote hakuwa muntu wa kusumbua masikini: alipokea kitu chochote chenye kinaweza kubebwa. Wa kwanza kulipa alikuwa kinyozi mwenyewe, kwa ile ile redio.

Ketsia akaja na mashini yake ya kushona.

Alikuwa ametoka Ankoro na watoto wawili na mashini ile juu ya baiskeli isiyo na tairi. Mama Élisabeth, mujane wa muvuvi, alimupokea kwa kiwanja chake kwa wiki mbili tu. Mutoto aliyekuja amebebwa mugongoni wakati ule, sasa anajua kusoma. Mashini njo ilikuwa inalipa minerval ya shule, njo ilikuwa inanunua bukari. Lakini Ketsia alichoka kulala kando ya ukuta wa mwingine, na muchovu anasikia vizuri ahadi.

"Elezea vita yako," Aristote akamwambia.

Ketsia akaeleza. Walikuja alfajiri, wakachoma nyumba, bwana yake akabakia kule, yeye akakimbia.

Aristote akapiga muhayo kwa heshima. "Mama Ketsia, hiyo ni vita ya kila muntu. Mukubwa wa kule anasikia za namna hiyo mpaka anasinzia. Ya kwako haina chumvi. Helikopta haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Hata moja ndogo?"

"Papa, hata wingu halikuwepo."

"Tutaitia. Na kulia, unalia vibaya. Unalia kama muntu mwenye ameumia kweli. Kule wanapenda chozi moja, jicho la kushoto."

Yeye mwenyewe vita alikuwa ameiona kwa televizyo, akila samaki, lakini mwalimu hahitaji kuwa amekufa ili afundishe kifo.

Ketsia akapangusa macho yote mawili. "Na muda ukiisha, Papa Aristote, muntu anarudi wapi?"

Aristote akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hiyo ni ya somo la pili, Mama. Somo la pili lina malipo yake."

Mashini ikabakia kwa ajili ya somo la kwanza.

Siku chache zikapita, bibi mumoja akakuja kwa meza yake na sahani ya ndagala yenye pilipili, akaketi bila kuambiwa. Alikuwa Mama Élisabeth. Aristote akamupima kwa macho: kitenge kizuri, hereni, kiwanja bila shaka. Akatabasamu kama paka mwenye kuona mulango wa jiko umesahauliwa.

"Mwana wangu, weye muntu wa biro, nisaidie," akasema. "Alhamisi watu wa shirika wanakuja kwangu kutazama wakimbizi wenye nimepokea. Kila kitu chenye mukimbizi alikimbia nacho, wanamupa kingine kama kile, kipya. Mwenye mashini, mashini ya pili. Mwenye mbuzi, mbuzi ya pili. Na mukimbizi wangu hana hata kijiko. Nitaficha wapi uso?"

Kitu kikatembea ndani ya koti la Aristote, na hakikuwa kiroboto.

"Wanapokea nani, Mama? Kila muntu?"

"Hapana, mwana wangu. Wanasema ni wale walio tayari ndani tu. Mwenye kuja kugonga wakiisha kufika, basi."

Hapo njo aliamini. Kama bibi angesema wanapokea kila muntu, angemucheka. Lakini "walio tayari ndani"! Neno lile alilisikia kwa masikio yake, kwa Kifaransa. Bibi muzee wa Kataki angelitoa wapi, kama si kwa wakubwa wenyewe?

"Mama," akasema, na sauti ikashuka, "kuna jambo sikupenda kulitangaza. Mimi pia ni mukimbizi."

"Masikini. Vita ya wapi?"

"Ya kule juu."

"Ilikuwa na helikopta?"

"Mbili."

Alhamisi ile boti ya Kigoma, yenye alitaka kukimbia nayo na mali ya watu, ilikuwa inaondoka saa sita. Aristote akapanga vizuri: asubuhi mukimbizi, muchana muchuuzi mwenye mali mara mbili. Akavua koti. Akajipaka majivu. Akalipa mukokoteni wa pusupusu, na mali yote ikapanda toka bandarini: magodoro, vitenge, redio, magunia ya ndagala, mashini ya Ketsia juu kabisa kama malkia, na mbuzi wa Papa Ghislain, muuza samaki, amefungwa nyuma, anafuata kwa kinyongo.

Mama Élisabeth akamupokea kama anavyopokea wote. Maji ya mikono. Mukeka kando ya ukuta. Sahani ya bukari na sombe.

"Kula kwanza. Kwangu muntu anakula mbele ya kuulizwa."

Aristote akala, akajilamba vidole, akaomba nyongeza. Bibi akamungojea mpaka ameze tonge la mwisho, kisha akafunga mulango wa ua na akaita.

Shirika likatoka ndani ya nyumba. Halikuwa na muzungu hata mumoja. Lilikuwa na kinyozi. Lilikuwa na Papa Ghislain, na wanawake wa vitenge, na wenye kulala chini sababu magodoro yao yalikuwa malipo. Lilikuwa na Ketsia.

Mbuzi hakungojea mukutano ufunguliwe. Akakata kamba, akaenda kusugua kichwa kwa goti la Papa Ghislain.

"Mbuzi ya nani?" Ghislain akauliza.

"Yangu," Aristote akasema. "Ana urafiki na kila muntu."

Ketsia akagusa mashini. "Na hii?"

"Ya marehemu mama yangu. Nimekimbia nayo."

"Tia uzi."

Aristote akashika uzi, akatafuta, akautia kwa uhakika mukubwa ndani ya tundu la mafuta.

Akaona mambo yameharibika, akaanza kulia. Ilikuwa kazi safi: chozi moja, jicho la kushoto.

Kinyozi akatikisa kichwa. "Haina chumvi."

Papa Ghislain akainua fimbo. Mama Élisabeth akasimama katikati, na bibi yule si mukubwa, anafika kifuani kwa muntu.

"Hapana kwangu. Huyu amekula bukari yangu, amepewa mukeka. Wenye walimufuata Ketsia mpaka hapa siku zile, walikomea kwa mulango huu. Na nyinyi mutakomea kwa mulango huu. Inje, njia ni ya Leta, ya serikali, mufanye munavyotaka. Ndani, hapana."

Kila muntu akabeba chake, akatoka. Papa Ghislain akachagua jiwe zuri ng'ambo ya njia, akaketi, fimbo magotini, mbuzi kando, kama muntu mwenye hana kazi mpaka mwisho wa mwaka. Chini ya paa, mashini ya Ketsia ikaanza kuimba.

Boti ikapiga honi bandarini. Aristote akaisikia kama muntu anayesikia jina lake likiitwa kwa matanga.

"Mama," akasema, "ile neno, walio tayari ndani. Nani alikuambia?"

"Redio."

"Redio ilisema Kifaransa."

"Asubuhi. Magaribi inarudilia habari zote kwa Kiswahili. Lakini magaribi weye uko kwa hoteli."

Kama kitendawili bado kinakushinda, nipe muji. Nipe Kalemie yenyewe, na Lukuga yake, na mimi nikuonyeshe Aristote na majivu yake kwenye mukeka: yuko ndani, kwa hiyo analindwa, kwa muda.

"Na ulinzi wangu mimi ni wa muda gani?" akauliza.

"Wiki mbili," Mama Élisabeth akasema.

Ketsia akacheka, mara ya kwanza tangu soko. Hakuinua kichwa. Mukono wake ulikuwa unazungusha gurudumu, kitambaa kinapita.

"Tufike basi kwa somo la pili, Papa Aristote. Muda ukiisha, muntu anarudi wapi?"

Aristote akatazama njia: Ghislain alikuwa anamupa mbuzi maganda ya ndizi. Akatazama ziwa: boti ilikuwa imeisha kuwa ndogo kama kiatu cha mutoto. Akatazama ukuta, penye mikeka ya Ketsia na watoto ilikuwa imekunjwa, na nafasi yenye ilikuwa imebakia.

"Harudi, Mama," akasema. "Anajisogeza kidogo kwa ukuta, anangojea waongeze."