Teresia Juu ya Mbuzi

Jumanne, 8 Oktoba 2019

Darasa la jioni la uchapaji wa picha kwa vibao vya kuchonga, Walthamstow, huku ughaibuni. Nimejiunga kwa sababu moja: Teresia, nesi, sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu, yumo. Shabaha yangu ni kwamba Desemba akubali anipeleke kwa wazazi wake, nikajulishwe. Kikwazo ni Kishor, mwenzetu darasani, mfamasia mstaafu, mzaliwa wa Kisumu. Anachonga vizuri na kumchekesha Teresia vizuri zaidi. Na ni mjane!

Leo mwalimu ametuonyesha wachawi. Picha za chapa kutoka Ujerumani, zina miaka mia tano. Bibi kizee uchi, kampanda mbuzi akitazama mkiani, na nywele zake zinapepea kule mbuzi anakokwenda. Upepo gani huo? Mwalimu akasema mchoraji alitaka kuonyesha dunia iliyopinduka. Wengine ni vijana, wazuri, wamezunguka chungu na uma za kupikia. Vyombo vya jikoni kwa mama yeyote! Nikauliza kama wachoraji waliwahi kumwona mchawi hata mmoja. Akasema mmoja alichora, wenzake wakaiga, nakala zikauzwa sokoni, watu wakazichukua kuwa ushahidi. Ajabu. Wa kwetu husemekana hupanda fisi, wao pia bila nguo. Nani alimwambia nani? Nilitaka kuuliza zaidi lakini Kishor alikuwa anatazama saa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Wazo! Limenijia ndani ya basi, nikitoka zamu ya kumwogesha mzee wangu wa Edmonton, ninayelipwa kumtunza. Nitamchonga Teresia juu ya mbuzi. Mzuri kama wale vijana, ila amevaa, sisi ni watu wa kanisa. Mkenya gani hajui mbuzi maana yake ni mahari? Posa bila kufungua mdomo.

Nikamwonyesha Kishor mchoro. Kosa. Akashauri nichape nakala moja tu, nimpe mwenyewe kwanza. Wivu mtupu. Amekulia Kisumu, anajua vizuri kabisa mbuzi anasema nini.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimechapa kutwa. Kazi hii ina utamu wake: unapaka wino, unabana, unainua, Teresia mwingine huyu hapa. Mwanya wa meno umetoka barabara. Alama yake ya kuzaliwa, iliyo shavu la kushoto, imehamia kulia, maana chapa hugeuza kila kitu. Nani atatazama? Nimeongeza chungu, kuonyesha ni mpishi hodari. Na uma. Nywele nimeziacha zipepee mbele, zinapendeza. Nakala zimejaa kitandani, nitalala kwenye kiti.

Jumapili, 13 Oktoba

Niliweka nakala kwenye kila kiti kabla ya ibada. Kisha minong'ono. Mama Dinah, mwenyekiti wa akina mama, aliuliza kwa nini Teresia amechorwa mchawi, na kama kuna jambo kanisa linapaswa kujua. Mwingine akakumbuka alikula chapati za Teresia Pasaka na tumbo likamsokota. Kufikia chai, waliosokotwa walikuwa wengi, na Teresia alikuwa ameombwa apumzike kuimba kwa muda.

Nilimkimbilia mlangoni. Nikamweleza kwamba huyo si yeye, alama iko shavu lingine. Hakucheka.

“Nyanya yangu walimchomea nyumba,” akasema. “Hakuna aliyemwona na chungu wala mnyama. Walisikia tu kwa wenzao. Cosmas, usinichore tena.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Habari ya mahari hata sikuigusa.

Jumanne, 15 Oktoba

Teresia hakuja darasani. Kishor naye hakuja! Mwalimu akasema amesikia ya kanisani, sasa anazunguka nyumba kwa nyumba za waumini, Edmonton mpaka Peckham, akikusanya nakala zangu. Na magoti yake mabovu yale. Kujionyesha. Amepata karibu zote, isipokuwa ile iliyoingia WhatsApp, ambayo imeshafika kwa wazazi wa Teresia.

Nilibaki na wale bibi wa Ujerumani mezani. Nikawatazama sana. Walikuwa nyanya za nani? Niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka nikashindwa kushika kisu cha kuchongea.

Alhamisi, 17 Oktoba

Dawa nimeipata! Sijui kwa nini nilichelewa. Kama watu waliamini picha, basi picha ndiyo itakayomsafisha. Nimechonga uso wa Teresia, mkubwa kama sinia, mwanya na yote, na alama shavu sahihi. Chini yake, kwa herufi nene: HUYU SI MCHAWI. Nakala za kutosha kila kituo cha basi, Edmonton mpaka Peckham. Wino umekauka, gundi ninayo. Kesho asubuhi naanza kubandika, na ya kwanza naiweka mlangoni kwake.