Kikombe cha Wakopti Kisichosimama

Jumatatu, 4 Machi 2002
Habari kubwa makumbushoni! Bi Dinah, mkuu wetu wa walinzi, katangaza kuwa Jumamosi wanakuja wageni wa heshima kuangalia vyombo vya kioo vya Wakopti, Wakristo wa Misri. Mlinzi mmoja atawaongoza. Atakayechaguliwa atapewa koti jipya! Gurmit, mlinzi mwenzangu, naye anaitaka nafasi hiyo. Kaazima kitabu. Maskini. Mie nimesimama mbele ya vioo vile miaka sita, nisome nini tena?

Jumanne, 5 Machi
Suad, mke wangu, kaniuliza kama nimewahi kusoma hata kibao kimoja kilichobandikwa pale. Nikamjibu vibao ni vya wageni. Kacheka mpaka chai ikampalia.

Jumatano, 6 Machi
Nimekificha kitabu cha Gurmit nyuma ya hita. Safi! Saa sita nimemkuta anakunywa chai na mtaalamu mwenyewe wa vioo, anafundishwa bure. Kumbe nimemfanyia hisani.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya majaribio. Bi Dinah nyuma yangu na daftari. Bibi mmoja wa nguo nyeusi kanyooshea kidole kikombe cha kijani chenye ncha chini. Mbona hakiwezi kusimama?
Sikusita. Nikamweleza kuwa Wakopti walikuwa walevi wakubwa, hawakuweka kikombe chini mpaka kiishe. Ndiyo maana walitoweka wote.
Bibi kanisogelea.
“Mwanangu,” kasema, “mimi ni Mkopti. Asubuhi hii nimetoka kanisani na wajukuu tisa. Na hiyo ni taa. Ilining'inizwa, ikatiwa maji, mafuta na utambi.”
Kalamu ya Bi Dinah ilikuwa inakimbia. Natamani ningepasuka mie kama kioo.

Ijumaa, 8 Machi
Gurmit kapewa koti. Yeye kila asipojua alisema hajui, eti ndiyo sifa! Mie nimehamishiwa chumba cha saa za kale. Suad kanishauri nifunge mdomo. Nimeahidi.

Jumamosi, 9 Machi
Asubuhi kaja bwana mmoja mpole, kauliza kwa nini saa moja ina mshale mmoja tu. Nikamwambia ilikuwa ya mfalme mwenye jicho moja. Kafurahi! Kaandika kila neno. Anatayarisha kitabu cha maelezo ya chumba hiki.
Nimemtajia jina langu, herufi kwa herufi, asije akalikosea.