Jemadari Ananenepa

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kasafiri. Kaniachia mbwa wake, Jemadari. Katamka mbele ya wote: akimkuta mzima, chumba cha mbele kinachotazama barabara ni changu. Gereji yangu hiyo! Akimkuta vibaya, anapewa shemeji, kaka wa mke wangu, anyolee watu nywele humo. Atangoja sana.

Ila Jemadari amekonda. Mkojo wake una povu kama wa sabuni.

Jumanne, 4 Machi
Kwa daktari wa mifugo. Kapima mkojo. Anasema figo zina vichujio vidogo mno, vya Jemadari vimeharibika, na protini inayotakiwa kubaki kwenye damu inatoka na mkojo. Nikamwambia mimi fundi magari, chujio likitoboka tunafunga jipya. Akasema hili halina spea. Kaandika dawa, na chakula chenye protini kidogo.

Kidogo! Tangi linavuja, mtu anakwambia upunguze kujaza. Nimemwachia mke wangu dawa. Chakula niachiwe mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Mayai asubuhi, maini mchana, mayai jioni. Mke wangu kauliza mayai ya nyumbani yanaenda wapi. Nikamwambia amuulize kaka yake.

Alhamisi, 13 Machi
Jemadari kanenepa! Tumbo limejaa, miguu imekuwa minene. Nilimwita shemeji aje ajionee. Alitazama, akaondoka. Chumba nimeshakipima kwa kamba.

Ijumaa, 14 Machi
Jemadari kagoma kusimama. Mke wangu kambeba kwa daktari, mimi na shemeji nyuma. Daktari akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye unga uliokandwa. Kumbe si mnofu, ni maji. Protini ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa. Ikipungua, maji yanavujia tumboni na miguuni. Na maini yangu yamezidi kuzichosha figo. Mke wangu akasema sikio la kufa halisikii dawa.

Niliogopa sana. Jemadari alinilamba mkono, nikashindwa kumtazama. Lakini daktari naye angesema habari za maji mapema.

Ijumaa, 28 Machi
Tangu siku ile mke wangu ndiye anayelisha, chakula cha daktari na dawa, mimi hata bakuli siruhusiwi kugusa. Maji yamepungua. Daktari anasema vichujio havitarudi kama vilivyokuwa, ila akitunzwa hivi bado ana maisha. Leo mama mkwe karudi, Jemadari kamkimbilia mlangoni. Chumba kapewa mke wangu, aweke cherehani. Mimi na shemeji tumekaa benchi moja, tunautazama mlango wa chumba.

Sawa. Chumba kimekwenda, lakini sijashindwa. Mwacheni mama mkwe afurahi na mbwa mwenye mbavu za kuhesabika, aibu tupu. Trei ya mayai ya Jemadari nimeificha kwenye ndoo ya matambara ya grisi. Mke wangu pale hagusi.