Poda Juu ya Kichwa cha Nono

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Nimerudi kutoka shule ya masista na hasira tele. Nafasi arobaini, watoto mia tatu. Magari ya wakubwa yamejaa langoni. Mimi nimetoka Kasungami kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Wanasema kuna mtihani. Mtihani gani! Wenye nacho wameshaingia. Basi, na mimi nina akili yangu. Nono, binti wa dada yangu, ameshasoma mwaka mzima wa sekondari, na ni mfupi. Jumamosi ataandika mtihani kwa jina la binti yangu Chancelvie.

Jumatano, 13 Agosti
Chancelvie amenuna. Eti amesoma likizo nzima, kwa nini nitume mwingine. Nikamjibu kwamba bidii ya maskini haina gari. Albertine, mke wangu, akasema, "Baba Chancelvie, acha mutoto ajaribu yeye mwenyewe." Mwanamke huyu anangoja haki. Afadhali angengoja mvua mwezi wa nane, katikati ya kiangazi.

Jumamosi, 16 Agosti
Aibu. Nono alitoka wa kwanza katika chumba cha mtihani, akasema maswali yote yalikuwa rahisi. Kungoja matokeo ya nini? Nilimmwagia poda kichwani, kopo zima, kama tunavyowamwagia waliofaulu, nikacheza langoni nikiimba jina la Chancelvie. Sista Angélique, msimamizi wa mtihani, akatoka, akauliza huyu ni nani. Nikasema ni binti yangu Chancelvie. Akashangaa. Chancelvie alikuwa bado ndani, anaandika. Wangu mwenyewe! Mama yake alikuwa amemleta kwa siri. Sista akachukua karatasi zote mbili.

Jumanne, 19 Agosti
Sista ametuita. Nono, asilimia hamsini na mbili. Chancelvie, themanini na tisa, tena alinyang'anywa karatasi kabla hajamaliza. Karatasi zote zimefutwa kwa sababu yangu. Mtoto alilia bila sauti. Nilijichukia, nikamchukia na Sista. Albertine aliomba sana, mpaka Chancelvie akakubaliwa kurudia Ijumaa, nafasi ya mwisho. Aje na mama yake tu. Mimi nisionekane langoni.

Alhamisi, 21 Agosti
Chancelvie ameniomba niahidi kwamba kesho sitafanya kitu. Nimeahidi. Lakini wakubwa watalala? Nimekwenda kumwona mlinzi wa shule, mzaliwa wa Lukafu kama mimi. Kesho saa mbili atampitisha Nono kwa mlango wa jikoni. Safari hii nimenunua kopo kubwa la poda.